Kiswahili cha Kutumwa

Nyie vijana wa kanisani kwetu hapa Takoma Park, Maryland, mnaniuliza kila Jumapili: Mama Riziki, ile kazi ya kukaa kwenye kiti na kusikiliza Wazungu wakiongea Kiswahili, inapatikanaje? Mnaiona rahisi. Kiti, chai, kiyoyozi, na hakuna mzee wa kumgeuza kitandani. Basi leo naandika, maana nikisema kwa mdomo mnaangalia simu.

Kwanza mjue mimi sikustaafu. Nilistaafishwa. Aliyenistaafisha anaitwa Gerald, na aliyetia sahihi ni bosi wake, Heather. Wako wanaosema Mkristo hataji watu majina. Mimi nataja. Mtu akikukanyaga, ukienda kulalamika kwamba umekanyagwa na kiatu, umekisingizia kiatu.

Ofisi yetu ilikuwa Annandale, kule Virginia, ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate la Wakorea. Mpaka leo nikisikia harufu ya siagi ya moto nahisi kuna mtahiniwa mlangoni. Waliletwa kwetu watu wa kila aina: wauguzi, watu wa misaada wanaokwenda Goma na Bujumbura, wamisionari, wanafunzi. Sisi tulipima wanaongea Kiswahili kiasi gani, kwa ufasaha na kwa matamshi, kuanzia sifuri mpaka tano. Kila mtu alipimwa na wawili. Mmoja anaongea naye, mwingine anasikiliza na kuandika. Mwisho wanakubaliana daraja. Wasipokubaliana, rekodi inapelekwa kwa mtu wa tatu, ambaye anasikia sauti tu, hamjui aliyeongea.

Shule mimi niliishia la tano, Uvira, vita vikaingia. Walinichukua kwa sababu walikuwa na Wakenya na Mtanzania mmoja, lakini mdomo wa Kongo hawakuwa nao. Aliyenipeleka ni Mzee Kilonzo, Mkamba wa Machakos, mzee wa kanisa letu, ambaye alikuwa kwenye kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilimwambia, "Mzee, mimi sarufi siijui." Akacheka mpaka akavua miwani. "Dadangu, sarufi iko kwa kitabu. Kule wanataka mtu wa kusikiliza, na wewe kila harusi nakuona umekaa kwa kona unasikiliza watu."

Basi nilichojifunza kwake ni hiki, na kishikeni. Jibu la kwanza usilipime. Kila mtu ana jibu la kwanza alilolikariri garini. Alikuja kijana mmoja, Brian, wa Ohio: "Jina langu ni Brian ninatoka Ohio ninapenda mpira wa kikapu na chakula cha Waswahili." Alishuka nalo kama mtu anayeshuka ngazi za kwao, hata haangalii chini. Mimi nikaandika tatu haraka. Mzee Kilonzo akaniwekea mkono juu ya kalamu, kisha akamuuliza Brian kwa upole, "Na mara ya mwisho gari lako lilipoharibika, ilikuwaje?"

Nani anakariri hilo? Brian akatazama dari. Jasho. "Gari... gari ilikuwa barabara ya... barabara kubwa. Ikasema puu. Moshi. Mimi nikatoka. Nikasema, Mungu wangu, mimi ni maskini." Tulicheka wote watatu. Hakupata tatu, lakini alipata zaidi ya alivyostahili kwa lile jibu la kukariri, kwa sababu neno lilimkosa akatafuta njia nyingine, wala hakukimbilia Kiingereza. Mtu anayejua kupita kando ya shimo ni dereva. Anayejua barabara ya lami tu bado anajifunza.

Jambo la pili ni adabu, na hapa ndipo watu wetu tunapoanguka. Tulikuwa na Baba Ezra, Mtanzania wa Tabora, mtu mwema kuliko sisi sote. Baba Ezra hakuweza kumwona mgeni anahangaika. Mtahiniwa akisema, "Jana nilikwenda ku... ku...", Baba Ezra anadakia, "Sokoni!" "Ndiyo, sokoni. Nikanunua..." "Nyanya!" "Ndiyo, nyanya. Halafu niliku... nili..." "Ulirudi nyumbani, ukapumzika. Hongera sana!" Watu wote wa Baba Ezra walifaulu. Ukisikiliza rekodi zake, aliyefanya mtihani ni yeye. Tulimwambia, akaapa ataacha, wiki iliyofuata akaanza tena. Alisema kwao mtu akibeba mzigo mbele yako ukakaa unamtazama, unaonekana mchawi. Kweli. Lakini kwenye kazi hii kaeni mtazame. Mwacheni abebe. Zibeni mdomo kwa kikombe cha chai ikibidi.

Matamshi ndiyo yanayowagombanisha wapimaji. Wengi wanapima matamshi kwa wivu: hasemi kama mimi, basi amekosea. Mimi nilipima kwa shingo yangu. Nikijikuta nimeinama mbele kumtafuta mtu anasema nini, hayo matamshi yana shida. Nikibaki nimeegemea kiti, hata kama anaongea kama ametoka kwa daktari wa meno, hiyo ni lafudhi yake tu, aende nayo nyumbani. Mmarekani atasema ng'ombe mpaka umwonee huruma ng'ombe mwenyewe. Umeelewa ni ng'ombe? Endelea na kazi.

Gerald hakuwa hivyo. Gerald alikuwa mwalimu wa Kiswahili Kitale kabla ya kuja huku, na kwake Kiswahili ni kile alichokuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu. Akija muuguzi Mmarekani aliyeishi Bukavu, amejifunza kwa wamama wa hospitali, anasema "batoto" na "mu nyumba", Gerald anakata alama. "Mama Riziki, hicho si Kiswahili. Ni matope." Namwambia, "Gerald, huyo anakwenda Bukavu. Atazungumza na wamama wa Bukavu. Unataka awasomee magazeti ya Nairobi?" Anatabasamu, anakata.

Nitawaambia kwa nini jambo hilo liliniuma, kisha nisiulizwe tena. Mimi kupima matamshi sikuanzia Annandale. Wakati wa vita tulisimamishwa barabarani, wanaume wenye bunduki, nao hawakuuliza vitambulisho. Walikuambia ongea. Useme neno, wasikilize mdomo wako umetoka wapi, kisha waamue unapita ama unabaki. Mimi nilipita. Kuna watu niliokuwa nao hawakupita. Kwa hiyo mtu anapokaa kwenye kiti kizuri anamkata mtu kwa sababu ya mdomo aliozaliwa nao, mimi siwezi kuita hiyo taaluma.

Mitambo nayo ilikuja kidogo kidogo. Mwanzoni tulikaa ana kwa ana. Baadaye wengine tukawapima kwa simu, na simu ilitunyima macho: mtu akinyamaza hujui anafikiri au analia. Kisha wakaleta kompyuta inayopiga mlio, mtahiniwa anajibu peke yake chumbani kama anaungama. Siku hizi nasikia kuna programu inayopima ukimya: ukinyamaza kidogo, inakupunguzia. Aliyeitengeneza hajawahi kukaa na Warundi. Mrundi mwenye heshima ukimuuliza swali anakaa kimya kwanza, ndipo ujue swali lako limepokelewa. Akikujibu upesi amekudharau. Programu ikimpima baba mkwe wangu itasema ni bubu.

Sasa nije kwa Deborah, maana ndiye aliyenitoa pale, ingawa hakukusudia.

Deborah alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, wazazi wake wa upande wetu, Uvira. Aliletwa huku mdogo, akakulia vyumba vya kupanga vya College Park. Kiingereza chake hukitofautishi na cha hawa wa televisheni. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, tusidanganyane, hata kama ndiyo aliyoisikia kwanza. Alikuwa analea wazee kwenye nyumba moja huku Takoma Park, mgongo umeanza kumuuma na hata thelathini hajafika. Hospitali moja ikatafuta mkalimani wa Kiswahili, ikamwambia: lete daraja la tatu, kazi ni yako. Alikuwa na nafasi mbili za kujaribu. Akianguka zote, anangoja mwaka mzima, na hospitali haingoji mtu.

Nafasi ya kwanza alipimwa na Gerald na mwenzake, baadaye nikasikiliza rekodi. Gerald anaunguruma, "Toa maoni yako kuhusu umuhimu wa elimu katika jamii." Kimya. "Ni muzuri, baba." "Fafanua." "Ndiyo, baba." Ikawa hivyo mpaka mwisho. Ndiyo baba, sijui baba, asante baba. Akampa moja, na mwenzake akakubali.

Nilimkuta Gerald jikoni anachemsha maji. "Huyu mtoto umempima nini?"

"Haongei, Mama Riziki. Anaelewa, sawa, lakini haongei. Hawa watoto wa hapa lugha ilishawafia."

"Gerald, wewe una watoto. Kiswahili unawaambia nini nyumbani?"

"Nawaambia mambo ya kawaida."

"Leta maji. Funga mlango. Salimia wageni. Nyamaza. Ulishawahi kumuuliza mtoto wako kwa Kiswahili anafikiri nini?"

Akamimina maji yake taratibu. "Hayo ni malezi. Sisi tunapima lugha."

Nafasi ya pili nikaomba niongee naye mimi. Gerald akakaa pembeni na kalamu. Deborah akaingia na nguo zake za kazini, akaketi magoti yamebanana, macho mezani. Nikamsalimia kinyumbani ili apoe.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, tantine," akasema, kama kwetu Kongo tunavyowaita shangazi.

"Na kazi?"

"Nzuri."

"Kule Maryland unapenda nini?"

"Vyote, tantine."

Tulikuwa na skripti, maswali yaliyopangwa na kampuni, na katikati yake kuna mchezo. Unampa mtahiniwa kadi: uko hotelini, chumba ulichopewa ni kichafu, mlalamikie meneja. Meneja nikawa mimi. Nikakaa vizuri, nikakunja uso kimeneja. "Karibu. Kuna tatizo?"

Deborah akanitazama, akatazama kadi, akanitazama tena. "Samahani, tantine. Ile chumba..." Akaiweka kadi mezani. "Hapana, ni sawa. Nitafagia mwenyewe."

Gerald alicheka kwa sauti. Mimi nilitaka kulia. Yule mtoto alikuwa anafeli mtihani kwa sababu ya malezi mema.

Nikaigeuza ile kadi, nikailaza kifudifudi. Kalamu ya Gerald ikasimama.

"Deborah, una wadogo?"

"Ndiyo. Junior."

"Basi mimi ndiye Junior. Nimerudi shule, begi nimetupa pale, nimepanda kwenye kochi na viatu." Nikainua mguu wangu, mimi mtu mzima mwenye goti bovu, nikauweka juu ya kiti cha kampuni.

Akaziba mdomo. "Aka, tantine! Siwezi."

"Mama Riziki," Gerald akasema, "hiyo haiko kwa skripti."

Sikumjibu. Nilimtazama Deborah, nikapandisha bega kama wanavyopandisha watoto wetu, nikamwambia neno lao lile lile la kutojali: "Whatever."

Jamani.

"Weye! Unaniambia miye 'whatever'? Miye? Toa mguu! Toa! Ile kochi baba na mama walibeba na mabega yao kutoka barabarani, lifti imekufa, weye unakuya kupandisha viatu ya matope! Asubuhi nilikuambia nini? Nilisema ukitoka shule upashe chakula moto, ufungue homework, na simu usiiguse mpaka nirudi. Sasa angalia. Chakula iko vile niliiacha. Kama ungekuwa na njaa ya kweli ungekula, lakini hapana, ulipita dukani ukanunua zile machipsi. Usikatae, mdomo wako iko nyekundu! Na usiniangalie hivyo. Mama akirudi akikuta hivi, nani atagombezwa? Si miye? Kila siku miye!"

Alikuwa amesimama, kidole kiko hapa mbele ya pua yangu. Ungedhani mama yake mzima ameingia chumbani. Na mimi, mguu juu ya kiti, nilikuwa nasikiliza kazi yangu: mambo yaliyopita yamo, ya kungekuwa yamo, sababu, mpangilio, kejeli, na hakutafuta neno hata moja. Shingo yangu iliegemea pale pale. Ufasaha wote ulikuwepo. Ulikuwa unaelekea chini tu, kwa wadogo. Kwenda juu, kwa wakubwa, hakuna aliyewahi kumfungulia mlango.

Vijana, moto ukishawaka usiuache upoe. Nikashusha mguu, nikawa mimi tena.

"Sawa, dada mkubwa. Keti. Sasa wewe ni mkalimani. Daktari anasema baba yangu hatapona. Mimi nakuambia usimwambie, kwetu mgonjwa haambiwi hivyo. Unanionaje? Si niko sahihi?"

Akakaa. Akanyamaza. Gerald akaanza kugongagonga kalamu, nikamtolea jicho akaacha. Ule ukimya niliuacha urefuke unavyotaka.

"Hapana, tantine," akasema. "Miye nakataa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa darasa ya sita. Bibi yangu aliugua. Mama alikuwa kazini, baba alikuwa kazini, nikaenda naye miye hospitali. Daktari akasema na Kiingereza, yote nilisikia. Akaniambia, mwambie bibi yako. Bibi akaniangalia, akauliza, anasema nini? Nikasema..." Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Nikasema, anasema unywe maji mingi na upumzike. Bibi akafurahi. Akaanza kupanga safari ya kuona dada yake, kule Arizona, wakati wa joto. Hakufika wakati wa joto. Walikuwa hawajaonana tangu vita, tantine. Kama ningesema, angemuita dada yake aje. Kwa hiyo mtu akiniambia nimfiche mgonjwa, nitamwambia hapana. Na heshima. Lakini hapana."

Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Hakuuliza amepata ngapi. Aliuliza kama amenikosea kwa kunionyeshea kidole.

Niliporudi, Gerald alikuwa ameshaandika. "Mbili. Viatu ya matope, chakula iko, maji mingi. Na skripti umeivunja, kwa hiyo nusu ya mtihani si mtihani."

"Tatu," nikasema.

"Mbili."

"Tatu, Gerald, na ningekuwa na nne ningekutupia."

Tusingekubaliana hata Yesu arudi. Rekodi ikapelekwa kwa mtu wa tatu. Siku hizo mtu wa tatu alikuwa Mzee Kilonzo, amekaa kwake, miguu imevimba, hatoki, anapelekewa rekodi zenye ugomvi tu. Hakujua msichana ni nani. Wakati huo Deborah alikuwa anaendelea kugeuza wazee kitandani, na hospitali ilimpigia mara mbili kuuliza karatasi iko wapi.

Mzee alipopiga simu, Gerald aliweka spika mezani katikati yetu. Tulisikia kwanza pumzi yake, maana siku hizo hata kuongea kulimchosha.

"Huyu msichana," akasema. "Mmenitesa na huyu msichana."

Gerald akainama kwenye simu. "Mzee, umesikia zile ngeli?"

"Nimezisikia, Gerald, mimi si kiziwi. Ngeli zake ni mbaya. Nikaandika mbili. Halafu nikafika mahali pa nyanya yake." Akavuta pumzi tena. "Mara ya kwanza kalamu ilianguka na sikuiokota. Nilisahau niko kazini. Mke wangu aliingia akaniuliza ni nani amekufa. Ikabidi nirudishe rekodi nyuma, niisikilize upya, ndio nipime. Mimi kwa hii kazi nimesikiliza watu wengi. Huyo alinifanya niwache kusikiliza Kiswahili chake, nikamsikiliza yeye. Ni tatu."

"Lakini skripti, mzee. Skripti haikufuatwa."

"Hiyo kesi ni ya Mama Riziki. Msichana alijibu alichoulizwa. Wewe mpe mtoto karatasi yake aende kazini."

Simu ikakatika. Gerald akafuta ile mbili, akaandika tatu, akatia sahihi. Nitamtendea haki: karatasi ya Deborah aliipeleka mwenyewe kwa katibu siku hiyo hiyo. Kisha akarudi, akaketi mbele yangu, akavuta karatasi nyingine nyeupe.

"Hiyo ya nini?"

"Ya bosi, Heather. Mama Riziki, lazima niseme umevunja skripti. Usinichukie."

"Andika, Gerald," nikamwambia. "Na ukimaliza, andika chini kwamba akija mwingine kama huyu, nitaivunja tena."

Akaandika yote mawili.